Ukoko wa Tangi

Tangi lilianza kuvuja Jumatano saa tatu asubuhi, na kabla ya saa nne jina la Mihayo lilikuwa limekwisha kutajwa na mlinzi, karani, wabeba magunia na hata mama wa uji anayekaa nje ya geti. Mihayo mwenyewe alikuwa kwake Kisesa anapalilia mihogo, hana habari.

"Ndiye aliyesema," mlinzi alimwambia meneja. "Siku ile ya kupunguzwa kazi, mwezi wa pili, alisimama pale pale kwenye tangi akasema kwa sauti, 'Hili bila mimi halimalizi msimu.' Tulimsikia wote. Na juzi Jumatatu alikuja tena kudai barua yake ya utumishi. Nilimwona kwa macho yangu analipapasa."

Bwana Revocatus, meneja mpya, hakutaka zaidi ya hapo. Mwekezaji alikuwa anakuja Ijumaa kutoka Dar kuona alichonunua, na mtu mwenye mgeni wa namna hiyo hupenda kuwa na mkosaji tayari mkononi.

Kiwanda kilikuwa Nyakato, na kazi yake ilikuwa kusafisha mbegu za pamba. Mbegu ikitoka kwenye kinu huwa bado imevaa manyoya meupe, na ukiipanda hivyo inashikana na wenzake na kuota kwa kusuasua. Tindikali ndiyo inayoyachoma yale manyoya. Mbegu inaoshwa, inaanikwa, inabaki nyeusi, inateleza kiganjani. Tindikali yenyewe, ile ya salfa, nzito kama mafuta ya kupikia, ilikaa kwenye tangi la chuma refu kama watu wawili waliobebana, lililosimama juu ya nguzo fupi za zege.

Mihayo alilitunza tangi hilo miaka ishirini na miwili, tangu kiwanda ni cha shirika la umma. Halafu wakubwa wakaamka siku moja wakaona mashirika ni mzigo. Kiwanda kikauzwa. Watu mia moja na arobaini wakapunguzwa kwa karatasi moja iliyobandikwa ukutani, na hakuna aliyeulizwa hata swali moja, kwamba wewe ulikuwa unafanya nini hapa, na ukiondoka nani atafanya. Ndipo Mihayo aliposema lile neno lake. Alikuwa anawapa habari. Wao walilichukua kama kitisho wakaliweka.

Pikapu ya kiwanda ilifika Kisesa saa tano. Dereva alishuka, akasimama pembeni ya tuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mmeleta barua yangu?"

"Hapana, mzee. Meneja anakuita. Tangi linavuja. Wanasema..." Dereva alikuna shingo. "Wanasema umelitoboa wewe. Usipokwenda anawapigia polisi simu."

Mihayo aliegemeza jembe kwenye mti wa muhogo. "Linavuja wapi?"

"Chini."

"Chini ya koki au juu ya koki?"

"Mzee wangu, mimi ni dereva."

"Hata dereva ana macho. Chini ya koki au juu yake?"

Dereva alifikiri. "Chini yake. Kama vidole viwili hivi."

Mihayo alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mvua za mwaka jana. "Wameliosha," alisema. "Wapumbavu wameliosha. Ningoje."

Aliingia ndani akatoka na kifurushi cha kitenge. Ndani yake mlikuwa na glasi mbili za marehemu mkewe, Sabina, zile za wageni, ambazo hazikutoka kabatini tangu msiba. Sabina alikufa miaka mitatu iliyopita, kwenye benchi la hospitali, siku zile wakubwa walipoanza kusema mgonjwa achangie. Alichangia. Alikwenda na glovu zake, sindano yake na pamba yake, akaambiwa dripu nayo anunue nje, na Mihayo aliporudi na dripu benchi lilikuwa limekaliwa na mtu mwingine. Mihayo hakumlaumu Mungu hata siku moja. Alijua ofisi zinazohusika.

Njiani, Igoma, aligonga paa la pikapu. "Simama ninunue misumari."

"Mzee, unapelekwa polisi wewe!"

"Napelekwa kiwandani. Simama."

Kiwandani alikuta watu wamesimama mbali, wameziba pua kwa nguo. Chini ya tangi tone lilikuwa linafuata tone, na pale zege lilipoangukiwa lilikuwa linafuka na kuchimbika. Mtu fulani alikuwa amemwaga magadi, lakini kidogo, kama anaunga maharage. Ngazi ilikuwa imeegemezwa tangini, na juu yake alikuwa Ojuok, mchomeleaji kutoka upande wa Musoma, kijana mrefu mwenye miwani myeusi paji la usoni, anavuta nyaya za mashine yake. Alikuwa amekwisha kufungua mfuniko wa juu.

Bwana Revocatus alikuwa mezani chini ya kibanda, tai shingoni, chupa ya soda iliyokwisha mbele yake.

"Bwana Mihayo. Nitasema mara moja tu. Ukikiri sasa hivi, tunamalizana hapa. Usipokiri, saa nane uko kituo cha polisi, na hiyo barua yako ya utumishi uisahau. Nitaandika kila mahali kwamba wewe ni mhujumu. Hutapata hata kazi ya kulinda choo."

Mihayo alikuwa anatazama juu. "Ojuok!"

"Naam, baba."

"Unataka kufanya nini huko?"

"Kuziba. Wataning'iniza bati kwa ndani, mimi nichomee kutoka nje."

"Shuka."

"Asishuke!" meneja alisema. "Kazi inaendelea. Tangi lazima lipone leo."

"Ojuok, mwanangu, mimi sikuamrishi. Nakuomba usiwashe moto mpaka nimalize na hizi glasi. Ni dakika kumi. Ukishaona, ukitaka kuwasha, washa. Mimi nitakuwa nimefika Igoma."

Ojuok alitazama chini, akamtazama meneja, akaamua kwamba miguu yake inauma. Alishuka.

Mihayo alifungua kitenge mezani, akapanga zile glasi mbili, akamwaga misumari. Alikwenda stoo mwenyewe, hakuna aliyemzuia maana hakuna aliyejua afanye nini, akarudi na mtungi mdogo wa kioo wa tindikali na kopo la maji. Alivaa glovu za mpira alizozikuta pale pale alipoziacha mwezi wa pili, kwenye msumari ule ule.

"Bwana Meneja, wewe umesoma. Mimi nimefika darasa la nne, na la nne lenyewe mwalimu alikuwa anakunywa. Kwa hiyo sitakueleza. Nitakuonyesha."

Alimimina tindikali kama ilivyo kwenye glasi ya kwanza, akatumbukiza msumari mweusi. Msumari ulizama polepole, ukatulia. Kwenye glasi ya pili alitangulia kutia maji, kisha akaiongeza tindikali kidogo kidogo, huku akizungusha. Glasi ilitoa mvuke.

"Shika ubavu wake."

Meneja aligusa kwa ncha ya kidole, akakitoa haraka. "Ina moto!"

"Na hakuna aliyewasha jiko. Sasa ngoja ipoe kidogo." Alingoja, kisha akatumbukiza msumari wa pili, ndugu wa ule wa kwanza, kutoka karatasi moja.

Msumari ulianza kutoa vipovu. Kwanza vichache, kisha vikawa vingi, vikapanda kwa mistari kama soda iliyofunguliwa. Watu walioziba pua walisogea. Katika glasi ya kwanza msumari ulikuwa umelala kimya kama mtu asiyehusika.

"Sasa niambie," Mihayo alisema, "tindikali kali ni ipi?"

"Hii yenye maji ndiyo inakula," alisema Ojuok.

"Sijakuuliza wewe, wewe nakujua una akili. Namwuliza yeye."

Bwana Revocatus alikunja uso. "Kali ni ile isiyo na maji. Kila mtu anajua. Ukitia maji unapunguza makali."

"Kwa ngozi yako, sawa. Kwa nguo yako, sawa. Kwa chuma ni kinyume. Ile nzito ikikigusa chuma inakila kidogo tu, halafu inakivisha ngozi. Ukoko. Mweupe, mchafu, unafanana na ukoko wa ugali uliokaa siku mbili. Ukoko huo ukishashika, tindikali haioni chuma tena. Tangi hili limekaa na ukoko wake miaka ishirini na miwili. Ukitia maji, ukoko unayeyuka, na chuma kinabaki uchi."

"Hayo ni mazingaombwe. Umeweka kitu kwenye glasi."

"Fanya wewe."

"Mimi?"

"Glasi za mke wangu hizo, hazina kitu. Vaa glovu ufanye. Msumari chagua mwenyewe."

Kicheko kilipita huko nyuma. Mama wa uji, ambaye sasa alikuwa ameingia ndani ya geti na ndoo yake, alisema, "Mwache baba wa watu, yeye ni wa kalamu." Meneja hakuvaa glovu.

Mihayo alikuwa bado hajamaliza. Aliokota kipande cha seng'enge ukutani, akakitumbukiza kwenye ile glasi ya pili. Kikachemka kuliko msumari. "Hiki kimepakwa zinki. Zinki haina subira, inakwenda mbio kuliko chuma." Akachomoa uzi wa waya wa umeme uliokatika, mwekundu, akautia. Uzi ulikaa tu. "Shaba. Haijali. Kila chuma na tabia yake, kama watu wa nyumba moja. Marehemu mke wangu hakuingia kiwandani hata siku moja, lakini maziwa ya mgando alikuwa anayaweka kwenye kibuyu, hayagusi sufuria. Ukimuuliza kwa nini, anasema sufuria inaharibu maziwa na maziwa yanaharibu sufuria. Basi yeye angeweza kuwa meneja hapa."

Kisha aliichukua ile chupa ya soda iliyokuwa tupu. Akaingiza vipande vitatu vya seng'enge, akamimina maji ya glasi ya pili, akaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba chenye glovu. Alisubiri hadi kidole kikaanza kusukumwa.

"Ojuok, njoo na kiberiti. Usiinamie. Nyosha mkono."

Ojuok aliwasha njiti akaisogeza. Mihayo akatoa kidole.

*Pyuk!*

Chupa ilibweka kama mbwa mdogo. Meneja aliruka akaangusha kiti. Ojuok alibaki na njiti iliyozimika, macho yamekwenda juu, kwenye mfuniko wa tangi alioufungua mwenyewe, na kwenye nyaya za mashine yake zilizoning'inia pale.

"Hiyo hewa jina lake silijui," Mihayo alisema taratibu. "Inatoka kwenye vile vipovu. Hiyo ni chupa ya soda. Lile pale ni tangi la lita elfu tano."

Ojuok alikwenda kwenye ngazi, akazivuta nyaya zote chini, akazikunja, akachomoa mashine ukutani. Kisha alirudi akasimama nyuma ya Mihayo, karibu kabisa.

"Sawa," meneja alisema akiwa ameokota kiti. Sauti ilikuwa imepungua lakini bado ina tai. "Tuseme ni kweli. Tangi hili halijatiwa maji. Nani atie maji kwenye tangi la tindikali? Kwa hiyo tunarudi kwako. Tundu lipo, na wewe ulilipapasa Jumatatu."

"Nililipapasa kwa sababu nilisikia joto kwa chini. Nikamwambia karani wako. Akaniambia barua yangu bado." Mihayo aligeuka akatafuta nyuso. Alimwona Paskazia, mama wa usafi, kibarua wa kutwa, amejificha nyuma ya magunia. Kanga yake ilikuwa na matundu madogo mengi chini, kama imeliwa na mende. "Paskazia. Mwangaluka, mama," alimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba."

"Hayo matundu umeyapata lini?"

Paskazia alimtazama meneja, akaitazama kanga. "Jumamosi."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

Tone la tangi lilisikika. Mihayo aliongeza kwa upole, "Hakuna atakayekufanya kitu. Sema."

"Tuliambiwa tangi ni chafu," Paskazia alisema. "Lilikuwa limeisha, tupu. Tukaambiwa mgeni anakuja, akichungulia asione ule uchafu mweupe. Tukapewa mpira wa maji na brashi ya waya yenye mpini mrefu, tukasugua kutoka juu. Maji yakawa ya moto, baba, yanatoa povu, na mvuke unatukaba. Tukakimbia. Tukarudi tukamaliza. Lilitakata, likang'aa kama sahani mpya."

"Maji mliyatoa yote?"

"Tulifungua koki. Yalitoka mpaka yakaishia kwenye koki. Ya chini yake hayakutoka, tukaambiwa yatakauka."

"Nani aliwaambia?"

Watu wote walikuwa wanamtazama mtu mmoja.

"Huyu mama ndiye aliyeosha!" Bwana Revocatus alisema. "Mmesikia wenyewe. Ameosha yeye. Kwa nini hakuuliza?"

"Aliosha kwa mdomo wako," Mihayo alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Amwulize nani? Waliokuwa wa kuulizwa mliwabandika ukutani mwezi wa pili! Maji vidole vinne, yamechanganyika na mabaki ya tindikali, yamekaa chini ya koki kuanzia Jumamosi mpaka Jumatatu yanakula chuma kilichovuliwa ngozi. Jumatatu mkamimina tindikali mpya juu yake. Mimi sijalitoboa tangi. Na ukitaka ushahidi, hauko mdomoni mwangu, uko ndani ya tangi."

Kuanzia hapo hakuna aliyengoja amri ya ofisi. Mihayo alisema leteni mapipa ya plastiki, makavu, narudia makavu, na yakaletwa. Alisema magadi na chokaa, gunia, si kiganja, na gunia likaletwa. Walifyonza tindikali kwa pampu mpaka saa tisa. Ilipokwisha, Mihayo mwenyewe aliushika mpira wa maji.

"Baba, si ulisema maji..." Ojuok aliuliza.

"Sasa lioge. Limeshakufa. Maji mengi yanafukuza ile hewa. Kidogo ndiyo sumu."

Maji yaliingia juu na kutoka kwa chini, yakapita kwenye chokaa yakielekea mtaroni. Yalipoacha kubadili rangi ya karatasi ya stoo ya kupimia tindikali, Mihayo alichukua nyundo ndogo. Aligonga ubavu wa tangi usawa wa kifua. Tangi liliita *ngaa*, sauti ndefu, safi. Aligonga usawa wa goti. *Ngaa.* Kisha alipiga magoti kwenye zege lililochimbika, akagonga chini ya koki.

*Puf.*

Nyundo iliingia. Aligonga pembeni, ikaingia tena. Alikwenda akizunguka tangi kwa magoti, na kila alipogonga chuma kilivunjika kama kaukau, ukanda wa vidole vinne kuzunguka tangi lote, na mpaka wake wa juu ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula. Usawa wa koki.

Aliokota kipande kimoja, chembamba kama jani la mwembe lililokauka, akakiweka kwenye kiganja cha meneja.

"Mimi nina drili ya namna gani, Bwana Meneja? Inayokata duara lote hilo nikiwa nje, mlinzi wako ananitazama?"

Bwana Revocatus alikigeuza kile kipande. Kilimvunjikia mkononi. Alifuta vidole kwenye suruali, na suruali, Paskazia aliona vizuri, kesho yake ingekuwa na tundu.

"Wilhelmina!" meneja aliita. Mwandishi wa ofisi akatokea mlangoni. "Andika taarifa ya kwenda kwa mwekezaji. Andika tangi limeharibika kutokana na uchakavu. Na huyu mzee umwandikie barua yake ya utumishi, aende."

Hapo watu wengi wangeshika barua yao wakashukuru. Mihayo alivua glovu, akazitundika, akaenda ofisini akakaa kwenye kiti mbele ya taipureta bila kukaribishwa. Wafanyakazi walijaa mlangoni na dirishani.

"Soma ulichoandika, mwanangu."

Wilhelmina alisoma. "Tangi la kuhifadhia tindikali limeharibika kutokana na uchakavu..."

"Futa. Halikuchakaa. Ulisikia lilivyoita usawa wa kifua? Lingeita hivyo miaka ishirini mingine. Ukiandika uchakavu, mwaka kesho mtu atasema aliyekuwa analitunza hakulitunza. Atanitaja mimi, au atamtaja huyu mama. Andika: tangi lilioshwa."

Wilhelmina alitazama mlangoni. Meneja alikuwa amesimama pale, amebanwa katikati ya wabeba magunia, na Ojuok alikuwa ameegemea fremu kwa namna ambayo mtu hawezi kupita bila kuomba.

"Andika," meneja alisema. Sauti haikuwa na tai tena.

Taipureta ikalia. "Tangi lilioshwa kwa maji," Mihayo aliendelea polepole, akimsubiri, "siku ya Jumamosi. Mihayo Ndalahwa, aliyelitunza miaka ishirini na miwili, hakulitoboa. Paskazia na wenzake walitii amri. Weka nukta. Tangi lilioshwa kwa amri ya..."

Vidole vya Wilhelmina vilisimama hewani. "Ya nani, baba?"

Mihayo alikuwa ameshaanza kuzifunga glasi za Sabina kwenye kitenge, kwanza moja, kisha nyingine, na katikati yao akakunja kitambaa zisigongane.

"Acha nafasi," alisema. "Atajaza mwenyewe. Yeye ndiye aliyesoma."